Kutembea Peke Yako Katika Vijiji vya Himalaya: Mwongozo wa Njia ya Jiri hadi Namche

Anayetaka kutembea peke yake katika milima ya Himalaya kwa kawaida huanza kwa kuulizia viatu, baridi na urefu wa vilele. Hayo ni maswali ya haki na yatajibiwa hapa, lakini usalama wake na raha ya safari yake vitategemea zaidi watu wa vijiji atakavyopita: mama atakayemwonyesha kwamba njia imehamishwa baada ya maporomoko, mpagazi atakayemwambia kwamba huko juu kumeanguka theluji, mwenye nyumba atakayegundua kwamba mgeni aliyetazamiwa jioni hajafika. Msafiri wa peke yake hana mwenzake wa kumwangalia, kwa hiyo hana budi kuwafanya wenyeji wamjue. Kwa msingi huo nimechagua njia moja nchini Nepal, ile inayoanzia Jiri, ikavuka wilaya ya Solukhumbu na kufika Namche Bazaar, kwa kuwa ni njia ya vijiji tangu mwanzo wake.

Hatua ya kwanza: chagua njia yenye watu

Kabla ya uwanja mdogo wa ndege wa Lukla kujengwa mwaka 1964, wengi waliokwenda mlima Everest kutoka upande wa Nepal walitembea kwa majuma kadhaa kuvuka vilima hivi. Hata msafara wa mwaka 1953, uliowafikisha kileleni Edmund Hillary na Tenzing Norgay, ulitoka bonde la Kathmandu kwa miguu. Leo wageni wengi hupanda ndege hadi Lukla na kuanzia hapo, jambo ambalo limeviacha vijiji vya chini vikiwa na nyumba za wageni, njia nzuri, na wenyeji wenye nafasi ya kukaa na mgeni mmoja wakazungumza naye. Juu ya Lukla, katika msimu wa watu wengi, mwenye nyumba ana wageni thelathini wanaosubiri chakula, na hata akikupenda hana muda nawe.

Kutoka Jiri, iliyo kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, njia hushuka Shivalaya, hupanda hadi Deurali kwenye mita 2,700 hivi, na hushuka tena Bhandar na Kinja. Baada ya Kinja huanza mpando mrefu kupita Sete hadi mpito wa Lamjura, mahali njia inapovuka mgongo wa mlima kwenye mita 3,530, kisha hushuka Junbesi. Kutoka Junbesi utapita Ringmo, Takshindu na Nunthala, utavuka mto Dudh Koshi kwenye mita 1,500 hivi, na utapanda Jubhing, Kharikhola na Bupsa. Ukifika Surke unaweza kuiacha Lukla kando, ukapita Chaurikharka na kuendelea Phakding, Monjo na Namche, iliyo kwenye mita 3,440. Mito ya eneo hili hutiririka kuelekea kusini wakati njia inakwenda mashariki, na ndiyo maana kila siku unapanda mgongo mmoja na kushukia bonde jingine hadi utakapoufikia Dudh Koshi na kuufuata kuelekea kaskazini. Tenga siku sita hadi nane kufika karibu na Lukla, na siku mbili zaidi kufika Namche. Anayeharakisha sehemu hii hupoteza kile alichokifuata.

Watu hubadilika kadiri unavyotembea, na ni vizuri kujua uko kwa nani. Jiri ni kwao Wajirel. Bhandar na Junbesi ni vijiji vya Washerpa, ambao ni Wabuda. Jubhing ni kijiji cha Warai, Kharikhola utawakuta Wamagar, na katika mabonde ya chini kuna Wachhetri na Wabrahmani wa dini ya Kihindu, na Watamang huku na huku. Barabara za jeep zimeingia sehemu nyingi za njia hii katika miaka ya karibuni, kwa hiyo kila kijiji uliza ni wapi njia ya miguu inapoachana na barabara, kwa sababu njia ya zamani ndiyo inayopita milangoni mwa watu.

Hatua ya pili: chagua majira

Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua za masika ya Asia: njia huteleza, ardhi huporomoka, ruba hupanda miguuni, na mawingu huficha kila kitu. Oktoba na Novemba hewa ni safi na mavuno yako mashambani. Machi na Aprili kuna ukungu wa alasiri, lakini misitu ya rododendroni, ua la taifa la Nepal, huchanua wekundu katika miteremko ya Lamjura, na kama ningelazimika kumchagulia mtu majira mamoja ningemchagulia haya. Desemba hadi Februari mpito wa Lamjura unaweza kufunikwa na theluji, na mtu wa peke yake asiuvuke siku hizo bila kusubiri wenyeji wanaovuka.

Hatua ya tatu: maliza mambo ya sheria ukiwa Kathmandu

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda hupata viza ya utalii wanapofika uwanja wa ndege wa Kathmandu. Viza ya siku 30 ni dola 50 za Marekani na ya siku 90 ni dola 125, na kwa safari hii usichukue ya siku 15. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Nepal hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni sheria ya kutembea peke yako. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, Bodi ya Utalii ya Nepal inawataka wageni wanaotembea katika hifadhi na maeneo ya uhifadhi wawe na mwongozaji mwenye leseni, na sababu moja iliyotajwa ni wageni wa peke yao waliopotea milimani. Halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, inayosimamia eneo la Lukla na Namche, ilitangaza kwamba haitatekeleza agizo hilo katika mipaka yake, na inatoza kibali chake yenyewe. Sehemu ya mwanzo ya njia ya Jiri, hata hivyo, inapita katika Eneo la Uhifadhi la Gaurishankar. Kwa hiyo nenda ofisi ya Bodi ya Utalii iliyoko Bhrikutimandap, Kathmandu, ukiwa na pasipoti na picha ndogo, taja vijiji vyote unavyokusudia kulala, na uulize sheria inasemaje mwezi huo huo. Usitegemee aliyepita mwaka uliotangulia. Ukiambiwa kwamba Gaurishankar unahitaji mwongozaji, una njia mbili za halali: mwajiri kwa siku hizo chache, au panda jeep kutoka Kathmandu hadi Salleri, makao makuu ya wilaya ya Solukhumbu, uanzie hapo. Junbesi iko saa chache kwa miguu kutoka Phaplu iliyo jirani na Salleri, na unaweza kuitembelea kwanza kabla ya kushika njia ya Ringmo. Huko mbele, Monjo ndipo utakapoingia Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, jina la Kinepali la Everest, na ada yake ni kama rupia 3,000 za Nepal.

Aliyepanda Kilimanjaro amezoea sheria kali zaidi, kwa sababu huko hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji, na kwa kawaida msafara mzima hubebewa hema na chakula. Hapa Nepal utalala na kula katika nyumba za watu, na mzigo wote utakaoubeba ni wako binafsi. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha safari ya mtu mmoja.

Kata pia bima inayolipia uokoaji kwa helikopta hadi mwinuko utakaofikia, na uisome, kwa kuwa bima nyingi za kawaida huishia mita 3,000. Chanja kichaa cha mbwa kabla ya kuondoka nyumbani, maana mbwa ni wengi na hospitali ziko mbali.

Hatua ya nne: fungasha kidogo

Begi la mgongoni lisizidi kilo kumi. Viatu viwe vimekwisha kuzoea miguu yako kwa miezi miwili angalau. Beba jozi mbili za nguo za kutembelea, koti la joto, koti la mvua, kofia ya sufu, mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani, vidonge vya kusafisha maji, plasta za malengelenge, chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na chupa mbili za maji. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwanamke asiache khanga yake nyumbani: katika vijiji vingi watu huogea kwenye bomba lililo wazi wakiwa wamejifunga nguo, na hakuna vazi linalofaa kazi hiyo kuliko khanga.

Fedha zibadilishe Kathmandu kutoka dola, kwa sababu shilingi zetu hazibadilishwi. Jiri na Salleri zina benki, lakini baada ya hapo usitegemee mashine ya fedha hadi Lukla au Namche. Dola 25 hadi 35 kwa siku hutosha katika vijiji vya chini. Beba noti ndogo ndogo, kwani bibi mwenye duka la chai hana chenji ya rupia elfu. Laini ya simu nunua ya Nepal Telecom, ambayo hushika vizuri vilimani.

Hatua ya tano: ipange siku yako kwa saa za wenyeji

Ondoka saa moja asubuhi na uwe umefika unapolala saa nane au saa tisa mchana. Mawingu hupanda alasiri, na kijiji kilicho karibu ghafla hakionekani. Kufika mapema kuna faida nyingine: unawakuta watu wakifanya kazi, na ukikaa uani wakati mahindi yanapukuchuliwa, mazungumzo huja yenyewe.

Kabla ya kuondoka asubuhi mwambie mwenye nyumba jina la kijiji unakokwenda, na ikiwezekana umwombe akutajie nyumba ya jamaa yake huko. Karibu kila mwenye nyumba ana dada, shemeji au mjomba mbele ya njia, na simu yake moja inakufanya uwe mtu anayesubiriwa. Andika jina lako katika kitabu cha wageni kila unapolala, pamoja na mwendo wako wa kesho. Mtumie ndugu yako nyumbani ujumbe kila jioni mtandao unapopatikana, na mkubaliane ni baada ya siku ngapi za kimya ataanza kuulizia.

Unapouliza njia, usiseme «Je, hii ni njia ya Junbesi?», kwa kuwa mtu mwenye adabu huenda akakubali ili asikuvunje moyo. Uliza «Junbesi jane bato kun ho?», yaani njia ya kwenda Junbesi ni ipi, umwache yeye aionyeshe kwa mkono. Rudia swali hilo kwa mtu wa pili baada ya kila njia panda. Ukiuliza muda, «Kati ghanta lagchha?», ongeza nusu ya saa utakazotajiwa, maana anayekujibu anahesabu kwa miguu yake.

Utakapokutana na msafara wa nyumbu wa mizigo au wa ng'ombe chotara wa yaki, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde, kwa sababu mzigo unaotokeza ubavuni unaweza kukusukuma chini. Kwenye madaraja ya kuning'inia subiri wanyama wamalize kuvuka ndipo uingie.

Wape nafasi wapagazi. Utawaona wakipanda taratibu, kikapu cha doko kimening'inizwa kwa mkanda wa namlo uliopita kwenye paji la uso, na mkononi wameshika tokma, gongo fupi lenye umbo la herufi T. Mpagazi anapochoka hatui mzigo chini, bali huisimamisha tokma nyuma yake, huegemeza kitako cha kikapu juu yake, hupiga mluzi mrefu wa kutoa pumzi, na hupumzika akiwa amesimama wima. Hapo ndipo pa kusalimiana. Ukisimama naye ukampa maji na kumuuliza anatoka wapi, atakueleza hali ya njia ya mbele kwa usahihi kuliko ramani yoyote, kwa kuwa aliipita juzi na ataipita tena kesho kutwa.

Hatua ya sita: ingia nyumbani kama mgeni

Salamu ya wote ni «Namaste», viganja vikiwa vimekutanishwa kifuani, na Washerpa hufurahia «Tashi delek». Usimwite mtu kwa jina lake peke yake. Mwanamke aliyekuzidi umri kidogo ni «didi», mdogo wako ni «bahini», mwanamume mkubwa ni «dai», mdogo ni «bhai», na mwanamke wa umri wa mama yako ni «aama». Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa kuita watu dada, kaka na mama hata wasio ndugu zake, hatapata taabu.

Mara nyingi kuta za mani, zilizojengwa kwa mawe yaliyochongwa maandishi ya sala, husimama katikati ya njia kabla hujaingia kijijini. Zipite upande wa kushoto, ili ukuta uwe mkono wako wa kulia, na stupa, yaani minara ya ibada ya Kibuda, vivyo hivyo, hata kama upande wa pili ni mfupi. Usiketi juu ya mawe hayo wala kuegemeza begi lako.

Mlangoni vua viatu. Katika nyumba ya Kisherpa moto ndio moyo wa nyumba: usitupe takataka humo, wala karatasi, wala maganda ya mayai, na usinyooshe nyayo kuuelekea. Nafasi iliyo karibu kabisa na moto ni ya mkubwa wa nyumba, kwa hiyo subiri uonyeshwe pa kukaa. Usiruke miguu ya mtu aliyeketi. Katika nyumba ya Kihindu usiingie jikoni bila kualikwa.

Chakula cha kila siku ni dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari. Kaa karibu uone kinavyopikwa, kwa maana saa hiyo ndiyo bora ya siku nzima. Didi huanza kwa kuosha mchele na kuuteleka jikoni, husaga vitunguu saumu, tangawizi na pilipili juu ya jiwe, na majani ya haradali huyachuma bustanini baada ya kukuuliza kama unakula sasa. Akikuona umekaa bila kazi na umeonyesha nia, atakupa viazi umenye. Pokea. Kila kiazi unachomenya kinakuondoa katika daraja la mteja na kukusogeza katika la mgeni. Wali, dengu na mboga huongezwa mara ya pili na ya tatu bila malipo ya ziada, na ukishiba weka kiganja juu ya sahani useme «Pugyo».

Kula kwa mkono wa kulia, jambo ambalo kwetu halihitaji kufundishwa. Lakini lipo jambo litakalokushangaza kama umezoea kula sinia moja na wenzako: hasa kwa Wahindu, chakula kilichoguswa na mkono uliokwenda kinywani, au chombo kilichoguswa na midomo, ni najisi kwa mtu mwingine. Kila mtu ana sahani yake. Usimpe mtu kutoka sahani yako hata kwa upendo, na unapokunywa katika mtungi wa wote, mimina kinywani bila kugusa midomo.

Ukikuta dhindo, ambayo ni ugali wa ulezi au wa mahindi, waambie kwamba kwenu ni chakula cha kila siku, nao watastaajabu. Kwa Washerpa utapewa chai ya siagi na chumvi, na mwenye nyumba atakijaza kikombe tena kila unapokunywa kidogo. Kama hutaki zaidi, kiache kikiwa kimejaa hadi utakapoondoka. Pombe ya chang hutolewa kwa heshima ile ile, na mgeni husihiwa mara kadhaa. Msomaji Mwislamu, au yeyote asiyekunywa, afunike kikombe kwa kiganja, atabasamu, aseme kwamba dini yake haimruhusu, na aombe chai, na hakuna atakayechukia. Kwa asiye na hakika kama nyama ni halali, kula mayai, dengu na viazi huondoa shaka yote. Kibla kwa anayeswali Nepal ni magharibi, na mjini Kathmandu misikiti mikubwa iko karibu na Ghantaghar.

Lala na kula usiku na asubuhi katika nyumba moja. Bei ya chumba huwekwa chini sana kwa kutegemea kwamba mgeni atakula hapo, na anayelala kwa mmoja akala kwa jirani amemnyima mwenyeji wake riziki.

Hatua ya saba: zungumza

Swali la kwanza utakaloulizwa ni «Eklai?», yaani uko peke yako? Mara nyingi ni huruma tu, kwani kwa wengi wao kutembea peke yako milimani ni jambo la kusikitisha. Bibi anayekuhurumia mjibu kwa ukweli. Lakini ukikutana njiani na mtu usiyemwamini, hasa kama wewe ni mwanamke, jibu kwamba mwenyeji wako anakungoja kijiji cha mbele, na umtaje kwa jina. Ukiwa umefuata hatua ya tano, utakuwa unasema kweli.

Utatazamwa. Waafrika wanaotembea katika vilima hivi ni wachache, watoto watataka kugusa nywele zako, na mtu mzima anaweza kusema jambo kuhusu rangi yako ambalo kwenu lingekuwa tusi. Kwa maoni yangu inafaa kupima nia kabla ya kupima maneno: mtoto anayegusa nywele umruhusu kama hujachukizwa, na anayecheka kwa dharau umpite bila kujibizana. Mengi ya hayo huisha mara tu unapotamka sentensi mbili za Kinepali.

Kuna mambo mawili yatakayofungua mazungumzo kuliko kamusi. La kwanza ni majina. Washerpa wengi huitwa kwa siku waliyozaliwa: Dawa ni wa Jumatatu, Mingma wa Jumanne, Lhakpa wa Jumatano, Phurba wa Alhamisi, Pasang wa Ijumaa, Pemba wa Jumamosi na Nima wa Jumapili. Waambie kwamba nasi tunao akina Juma na Khamisi, uwaulize siku yako wewe ingekupa jina gani. La pili ni Ghuba. Vijana wengi wa Nepal wamekwenda kufanya kazi Qatar, Imarati na Saudi Arabia, kama walivyokwenda vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania. Usishangae kumkuta mtu aliyelinda geti moja na Mkenya huko Doha, au anayekusalimu kwa Kiarabu cha kazini, na kama unatoka Oman au Dubai mtakuwa na mengi ya kusemezana. Zungumza naye kwa utulivu, maana wapo waliorudi na fedha za kujenga nyumba na wapo waliorudi na madeni.

Tetemeko la ardhi nalo litatajwa. Lile la tarehe 25 Aprili 2015 lilipiga magharibi ya Kathmandu, na la tarehe 12 Mei mwaka huo huo lilitokea Dolakha, wilaya ilimo Jiri, likabomoa nyumba ambazo tayari zilikuwa na nyufa. Usiliulizie wewe. Likitajwa, sikiliza.

Watoto wanaoomba peremende au kalamu usiwape, kwani kuwapa huwafundisha watoto wa njia nzima kuomba. Ukitaka kusaidia, pita shuleni ukaonane na mwalimu mkuu. Picha omba kwanza kwa kuonyesha kamera, na anayekataa mshukuru. Ukiahidi kumtumia mtu picha yake, andika namba yake hapo hapo, na uitume.

Hatua ya nane: uheshimu mwinuko

Kuvuka Lamjura na kulala Junbesi si hatari kubwa, kwa kuwa unashuka siku ile ile. Shida inaanzia Namche na kuendelea. Ukilala juu ya mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa pili mahali pale pale. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo la kusimama. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni amri ya kushuka mara moja, hata kama ni usiku, ukiwa na mtu. Msafiri wa peke yake yuko hatarini zaidi kwa sababu akili iliyochanganyikiwa haijitambui, kwa hiyo jioni ya kwanza Namche mwambie mwenye nyumba: «Nisipotoka chumbani asubuhi, gonga.» Aliyetembea kutoka Jiri kwa siku nane hufika akiwa na mwili uliozoea kuliko aliyeshuka kwenye ndege jana, lakini kanuni ya kupanda polepole inambana yeye pia.

Kukitokea ajali katika vijiji vya chini, Phaplu kuna hospitali, na huko Khumbu, yaani eneo la Namche, iko ya Khunde, juu ya Namche. Polisi wa watalii hupatikana kwa namba 1144. Usiite helikopta kwa kushawishiwa na mtu usiyemjua, wakati ungeweza kushuka kwa miguu, na kabla ya kuiita wapigie watu wa bima.

Hatua ya tisa: kuondoka

Lipa hesabu yako usiku kabla ya kulala, ili asubuhi isiwe ya kuhesabu noti. Wakikuvisha khada, skafu ya hariri inayotolewa kwa heshima, inamisha kichwa uipokee na usiivue mbele yao.

Kurudi kuna njia mbili. Unaweza kuteremka kwa miguu hadi barabara ya Salleri na kupanda jeep za kuelekea Kathmandu, au kupanda ndege Lukla. Ndege hizo husimama kwa ukungu na upepo, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na katika msimu wa watalii nyingi hutua Manthali, wilaya ya Ramechhap, ambako utahitaji saa kadhaa za gari hadi Kathmandu. Acha siku mbili za akiba, au tatu ukiweza, kati ya siku ya kutoka Lukla na siku ya ndege ya kukurudisha nyumbani.